Kabati la ofisi ya nyumbani mkiwa wawili: anzeni na makaratasi

Kila nikipost picha ya chumba chetu cha kazi naulizwa lile kabati nimelitoa wapi, basi leo nalielezea vizuri maana kiukweli swali la wapi ndio la mwisho kabisa. Mimi nafanya hesabu za maduka ya watu, mume wangu anachora ramani za nyumba, chumba ni kimoja na sio kikubwa, na jambo la kwanza tulilokubaliana ni kila mtu awe na upande wake wenye milango na ufunguo wake. Mambo ya hesabu za mteja hayatakiwi kuonekana na mtu mwingine hata kama mnalala kitanda kimoja, na pia ugomvi wa "nani kahamisha faili langu" unaisha siku hiyohiyo.

Halafu pimeni makaratasi kabla ya kupima ukuta. Boksi faili ya kawaida ina urefu kama sm 32 na kina kama 28, sasa zile shelfu za vitabu unazokuta dukani nyingi zina kina cha 25 hivi, faili linachomoza mbele na mlango haufungi. Yangu tuliifanya 35. Upande wa mume wangu ndio ulikuwa kazi kwelikweli, karatasi ya A1 upande mrefu ni sm 84 na ramani haikunjwikunjwi kama gazeti, kwahiyo hakuwekewa shelfu kabisa, fundi alimgawia vyumba vyembamba vya kusimama vyenye urefu wa sm 90, ramani inaviringishwa inaingia wima na kwa juu kuna kikaratasi cha jina la mradi, anachomoa anayoitaka bila kugusa nyingine.

Na msipime karatasi za mwaka huu tu jamani. Sheria ya usimamizi wa kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, so acha nafasi. Na zile risiti za EFD, yaani za mashine ya kodi ya dukani, zinachapwa kwa joto, zikikaa kwenye jua au mwanga sana maandishi yanafutika, ndio maana mimi shelfu ya wazi kwa risiti siitaki hata bure, milango ya mbao sio kioo, na bado nazitoa kopi.

Kitu kingine ambacho watu hawakifikirii ni uzito. Rimu moja ya A4 ni kilo 2 na nusu, sasa panga boksi faili zilizojaa kwenye shelfu ya mita 1.2 uone, ubao wa MDF (ule wa unga wa mbao ulioshindiliwa) wa milimita 18 unaanza kubonyea katikati taratibu mpaka mlango wa chini unakwama. Mwambie fundi aweke nguzo katikati, kila kipande kisizidi sm 70 au 80, hapo umemaliza.

Kuhusu mbao, MDF ni nzuri kwa macho na bei inavutia lakini hapa Dar tunapiga deki kila siku, maji yakigusa chini inavimba kama mkate na hairudi. Ukiipenda basi liwe na miguu ya sm 10, dekio lipite chini. Sisi tulienda Keko kwenye mafundi wa fanicha tukachagua mninga kwa fremu na milango, ndani tukaweka paini ya dawa kupunguza gharama, na nilishika kila ubao mwenyewe kabla haujakatwa maana mbao mbichi ikikaukia ndani ya nyumba inapinda, droo hazifungi tena. Kabati za chuma zile za droo nne ni imara sana, ila kama uko karibu na bahari kutu inakuja mapema, na ukivuta droo mbili za juu zikiwa zimejaa linaweza kukuangukia, mwenye watoto alifunge ukutani.

Cha kushea tulibakiza kidogo tu, meza ya printa yenye droo moja ya stepla, wino na rimu za akiba. Reli za hiyo droo nunueni zile za chuma zenye gololi, mnafungua nyie wawili kutwa nzima, za mbao kwa mbao zitawachosha.