Siku ya Bamvua na Darasa la Tano

Saa 11:30 alfajiri. Kabla ya chai natoka uani kuangalia mwezi. Juzi ulikuwa mpevu, kwa hiyo leo ni bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, na huku kwetu mwambao wa Tanga bamvua ina tabia moja inayonifaa sana mimi mwalimu wa sayansi: maji hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi, katikati ya vipindi. Barua za ruhusa za wazazi za watoto kwenda ufukweni zilisharudi tangu Ijumaa. Najaza chupa ya chai maji ya moto tupu, bila majani wala sukari. Mume wangu ananicheka. Hajawahi kumwona mtu aliyechomwa na taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani.

Saa 1:15. "Shikamoo mwalimu!" Marahaba nyingi mpaka ofisini. Namwambia kiranja anikusanyie ndoo mbili, moja ya maji na moja ya mchanga, aziweke karibu na meza ya mbele. Mstarini nakagua viatu badala ya kucha. Ndala kwenye tope la mikoko hubaki humo humo, mguu ukatoka peku. Niliwaomba waje na raba kuukuu. Tisa hawana, nawagawia zile za kabatini zisizo na mwenyewe.

Saa 2:00. Vipindi viwili vya sayansi, mkondo A, watoto 44. Somo ni maji kugeuka mvuke. Shule haina maabara. Tuna mishumaa, neli za kioo sita na vibanio vya nguo vya mbao vya kuzishikia. Kabla kiberiti hakijawashwa, ncha za mitandio zinaingizwa ndani ya kola na mikono ya masweta inakunjwa. Mdomo wa neli hauelekezwi kwa mtu, maana maji yakichemka ghafla huruka.

Hayo wanayashika upesi, kwa sababu moto wanauona. Ninalolihangaikia ni kioo. Kioo cha moto na kioo baridi vina sura moja. Nikiwa chuo cha ualimu niliokota kimoja kwa vidole vitatu, tena huku nikijisifu nimemaliza wa kwanza. Alama nawaonyesha kila mwaka. Kwa hiyo darasani kwangu kioo hakiguswi mpaka umesogeza mgongo wa kiganja karibu, bila kugusa, ukasikilizia joto.

Mmoja anauliza, "Mwalimu, ukiungua si unapaka dawa ya meno?" Nusu ya darasa inaitikia ndiyo. Wengine wanasema yai, wengine asali. Hapo nasimamisha jaribio. Maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20, basi. Dawa ya meno haipozi kidonda, na ikiganda daktari atapata kazi ya kuibandua. Nawahesabisha dakika moja kimya waone dakika 20 zilivyo ndefu.

(Wenzangu wa umri wangu mtakumbuka: sisi tulivunja betri za redio kwa mawe tupate ule unga mweusi wa kupakia ubao. Kwa mikono mitupu! Leo mtoto akileta betri iliyopasuka namnawisha kwanza, maswali baadaye.)

Saa 3:30. Tunashuka ufukweni. Niko na mwalimu mwenzangu na mama mmoja mvuvi wa pweza, jirani wa shule, ambaye watoto wanamwita Bibi. Kila mtoto ana mwenzake wa kushikana naye mkono, na kila jozi ina kijiti. Bibi anawafundisha kutembea kwa kuburuza nyayo mchangani ili taa aliyejifukia astuke aondoke. Ukimkanyaga hana namna ila kukuchoma kwa mkia. Ndiyo kazi ya ile chupa ya chai: mguu uliochomwa unatumbukizwa kwenye maji ya moto ya kuvumilika, baada ya mtu mzima kuyapima kwa mkono wake mwenyewe, kisha hospitali.

Saa 4:15. Bahari imekwenda mbali kama haitarudi. Hapa ndipo wageni hudanganyika. Maji hayaji kwa mbele tu. Hujaza kwanza bonde lililo kati ya fungu la mchanga na pwani, nyuma ya mgongo wako. Saa ya kwanza yanakuja kwa mwendo wa kinyonga, ya tatu na ya nne yanakimbia. Saa yangu italia saa tano kamili, na hata kama mtu amepata pweza tunaondoka.

Halafu Bibi anageuza jiwe kwa kijiti: konokono, gamba lake umbo la pia ya kuchezea, madoa ya kahawia, zuri kuliko vyote tulivyoona. "Huyu haokotwi," anasema. Ndani yake mna mwiba mdogo wenye sumu anaourusha kama chusa. Wako jamii yake wanaokula samaki, na wameshaua watu. Sumu hiyo haina dawa ya kuipinga. Watoto wanarudi nyuma hatua moja. Wote, nilidhani.

Saa 5:00. Nahesabu 44. Nahesabu tena, 44.

Saa 7:20. Baada ya makande, kijana wa dawati la tatu haketi vizuri. Mfuko wa kaptula umelowa. Nilihesabu vichwa, mifuko sikuikagua, kosa langu. Namwambia asiingize mkono, asikae. Nalegeza kaptula polepole (ana bukta ndani, alhamdulillahi), nalitikisia gamba kwenye ndoo kwa kibanio cha jiko.

Tunasubiri kuizunguka ndoo, mikono nyuma. Dakika ya nne mrija mwembamba unatokeza kwenye ncha, unapapasa. Hakuna anayepumua. "Nilidhani ni tupu," kijana ananong'ona.

Kwenye karatasi ya manila ya sheria zetu ukutani, kijana yuleyule anaongeza mstari kwa kalamu nyekundu: mifuko ikaguliwe ufukweni, ya mwalimu pia.

Saa 10:15. Nabeba ndoo kurudi baharini. Maji yamejaa hadi kwenye mizizi ya mikoko, na pale tulipogeuza jiwe panapita ngalawa imetweka tanga.