Kijitabu chenye majalada mawili ya mbele

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kalenda. Nilipanga mkutano wa kutengeneza kijitabu na wakulima wa mwani, Jumamosi, saa nne asubuhi, barazani kwa shangazi yangu Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Nikapiga simu siku tano kabla, nikapanda gari namba 309 pale Darajani na rimu ya karatasi mapajani. Nilipofika nilimkuta paka, na mtoto aliyewekwa kumlinda paka asile samaki. Wanawake wote walikuwa baharini. Mwezi ulikuwa mpevu, maji ya bamvua, bahari imepwa mbali kweli kweli, na hakuna mkulima wa mwani mwenye akili zake atakayekaa barazani siku kama ile akikunja karatasi. Shangazi alirudi alasiri, kanga imemlowa hadi kiunoni. Hata shikamoo yangu hakuiitikia kwanza.

"Mwanangu, umekulia mjini wewe. Mikutano huku hupangwa maji mafu, siku ambazo bahari haipwi sana."

Mimi nafanya kazi ya fotokopi. Kutwa natoa nakala za vyeti vya kuzaliwa na barua za kuomba kazi, na mashine ikipumzika nakunja makaratasi yaliyoharibika. Nilikuwa nimeona kwenye simu vijitabu ambavyo watu wa nchi nyingine huvitengeneza wenyewe: karatasi moja, kalamu, fotokopi, basi, vinagawiwa mitaani bila kupita kwa mchapishaji yeyote. Kwa Kiingereza vina jina fupi ambalo ukilitamka Kiswahili linatoka "zini". Nililitamka barazani, maji mafu yalipofika. Mama mmoja akajifunika uso kwa ushungi, "Astaghfirullah, umetuitia nini?" Kicheko kilichukua robo saa. Tangu hapo ni kijitabu.

Shangazi amelima mwani tangu mwanzo kabisa, kilimo hiki kilipoingia Paje na Jambiani mwaka 1989 kwa mbegu ya kutoka Ufilipino. Leo Zanzibar nzima wakulima ni zaidi ya 20,000, wengi wao wanawake. Aina ni mbili. Kotonii ndiyo yenye bei, spinosamu ndiyo yenye roho ngumu. Zote, kwa sehemu kubwa, huishia viwandani ng'ambo, kukamuliwa kile kinachogandisha dawa ya meno na aiskrimu. Ila kotonii haistahamili joto. Msimu wa kaskazi, jua la utosi, maji ya kupwa yakisimama juu ya mchanga yanakuwa kama ya kuogea mzazi. Mwani unaanza kuwa mweupe kwenye vitawi, unalainika, unakatika, na kamba inabaki na taitai tupu, vile vikamba vya kufungia mwani. Wengi walishaiacha kotonii, wakabaki na spinosamu ambayo kilo yake haitoshi hata kuisema mbele ya watoto.

Hayo yote niliyajua, ndiyo maana kijitabu cha kwanza nilikiandika peke yangu. Jalada: "Mabadiliko ya Tabianchi na Kilimo cha Mwani". Ndani kulikuwa na gesi ya ukaa, joto la dunia, na mchoro wa kiwanda kinachotoa moshi, kiwanda ambacho Jambiani hakipo. Nilitoa nakala 60. Wiki mbili baadaye nikanunua karanga njiani, nikafungiwa ndani ya ukurasa wangu wa tatu.

Sikuona vibaya sana. Yale hayakuwa maneno ya pale. Hakuna aliyewahi kuniambia "tabianchi" akiwa ndani ya maji. Husema "bahari imeota homa", husema "kusi la siku hizi haliji kwa ahadi yake".

Mara ya tatu nilikwenda na maswali mawili tu: shamba lako la kwanza lilikuwa wapi, na leo liko wapi? Nikatandika karatasi kubwa mkekani. Mwanzoni hakuna aliyetaka kushika kalamu, "mie sijui kuchora". Shangazi akashuka barazani, akachora kwa kijiti mchangani: ufukwe, mwamba, na pale mwamba unapokatika ngalawa zikapita. Wenzake wakaanza kumsahihisha, na ubishi ulipokolea kalamu zikashikwa zenyewe. Miaka hawakuitaja kwa tarakimu. "Mwaka niliomuoza mwanangu wa pili kotonii ilikufa yote, harusi niliifanya kwa mkopo." Tuliandika hivyo hivyo. Ramani ilipokamilika, kila mshale ulikuwa unaelekea upande mmoja, ndani, kwenye kina.

Nilikuwa nimekuja pia na maelezo ya kitaalamu. Dkt. Flower Msuya, mtafiti wa mwani anayejulikana Zanzibar nzima, amejaribu kilimo cha kina kirefu kwa neti za mirija ili kotonii ipate maji yenye ubaridi. Nikawasomea. Wakasikiliza kwa adabu. Kisha mama wa Kikadini, mtaa mmoja wa Jambiani, akasema, "Maneno ya kweli. Na chombo? Na kuogelea? Mimi maji yakinifika kifuani natoa shahada." Tukaweka yote mawili ukurasa mmoja, la mtaalamu juu, la mama chini, bila kuwaamulia.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike haya. Alikuwepo bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, hakusema neno siku nzima. Nilipogawa vipande vya karatasi kila mtu aandike sentensi moja, nilidhani yeye hajui kusoma, nikataka kumwandikia. Akanirudisha kwa mkono. Akaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwandiko wa chuoni, chuo cha Kurani, umenyooka kuliko wangu. Na hakuwa peke yake. Wazee wanne pale, skuli hawakuimaliza lakini chuo walikimaliza, na miaka yote watu wa miradi walikuwa wakiwahesabu kuwa hawajui kuandika. Na mimi nilikuwa karibu kuwahesabu hivyo hivyo.

Tatizo likawa la kukunja. Karatasi ya A4 huikunja mara tatu ukapata vyumba vinane, ukachana mkato mmoja katikati, ukaibana ikajikusanya kuwa kijitabu cha kurasa nane. Safu moja lazima iandikwe kichwa chini, na mimi nilishawahi kusahau nikatoa nakala 20 zilizopinduka. Lakini sasa bibi alikishika kijitabu akakifungulia upande wa kulia, kama anavyofungua msahafu, na kwake jalada la nyuma ndilo la mbele. Niligeuza geuza karatasi hadi taa ya baraza ikawashwa. Jibu lilitoka kwa mjukuu wake wa darasa la sita: "Si kiwe na mbele mbili?"

Ikawa hivyo. Ukifungua kushoto unasoma kurasa tatu za herufi za Kirumi, jalada likiwemo. Ukifungua kulia, kurasa tatu nazo za herufi za Kiarabu, jalada likiwemo, habari nyingine kabisa, si tafsiri. Zinakutana kwenye kurasa mbili za katikati, ambako hakuna neno, kuna kamba moja: upande huu mwani umenona, unavyosogea unazidi kuwa mweupe, mwisho taitai. Nyuma ya karatasi, ukiikunjua yote, iko ramani. Ule mkato ungeipasua katikati, tukauchora mwamba papo hapo, na mkato ukawa mlango wa ngalawa. Hilo ni la shangazi, mimi ningeweka gundi.

Mengine ni ya ufundi tu. Penseli haitoki vizuri kwenye fotokopi, chora kwa makapeni nyeusi. Acha nafasi ya kidole kimoja pembezoni, mashine haifiki ukingoni. Tulipoteza mkia wa jina la kanga zuri kuliko yote tuliyotunga siku ile, likabaki "Jua la bahari si la kuanika", na hadi leo kila mtu analimalizia anavyojua. Nakala 150 pande mbili zilikuwa shilingi 30,000, tukachangishana. Hatukugawa mkutanini. Tuliziweka kwenye kituo cha kupimia mwani, karibu na mizani, kwa sababu pale ndipo watu husubiri na hawana la kufanya. Mnunuzi naye alichukua moja, akaisoma kimya upande wa kushoto, akaigeuza, akauliza huku kumeandikwa nini. Bibi alikuwepo kwenye foleni. Akamsomea.

Bei haikupanda, wala bahari haikupoa. Ila karanga sijazinunua tena zikiwa ndani ya kijitabu chetu, na natazama kila mara.

Juzi shangazi alinipigia nikiwa kazini, mashine inanguruma. "Maji mafu yanaanza Jumatano. Wa Kibigija, mtaa wa pili, nao wanakuja, wanataka chao. Njoo na karatasi, na ule mkasi wako uache huko huko, haukati."