Dude la kilo 16
Wiki ya tatu sasa na ketobeli, lile dude la chuma lenye mpini kama wa birika. Warusi walikuwa wakipimia nafaka sokoni kabla halijawa la mazoezi. Mwalimu wetu hapa Nkuhungu anatutia moyo eti tunafuata wapiganaji wa kale. Sawa, Wagiriki wa kale walikuwa na mawe yao ya kushika mkononi, ila chuma hiki ni cha juzijuzi tu.

Siku ya kwanza nililirusha kwa mikono, mgongo ukakaza siku mbili. Kumbe nguvu inatoka kwenye nyonga! Jana maji yalikatika, nikabeba madumu mawili ya lita 20 bila kutua njiani. Mama kanitazama tu: "Haya, na pipa nani atalijaza?"