Neno "meiwaku" lilivyotukwamisha

Tafsiri ilirudi safi kabisa, na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamivu Japani, tukihakiki hojaji ya ubora wa maisha ya wagonjwa wa goti, iliyotungwa kwa Kiingereza. Wafasiri wawili waliigeuza kila mmoja kivyake, tukaoanisha kazi zao, kisha mtu ambaye hakuwahi kuiona ya awali akairudisha Kiingereza. Zikalingana karibu neno kwa neno.

Nikataka tuanze kukusanya takwimu. Mwenzangu Mjapani, aliyekuwa akihoji (Kijapani changu kilitosha dukani tu), akakataa: kwanza tukae na wazee wachache, wasome kila swali kwa sauti na watuambie wameelewaje.

Swali moja liliuliza kama ugonjwa unamfanya mtu awe mzigo kwa wengine. Kijapani chetu kilitumia "meiwaku", yaani usumbufu unaomletea mwenzako. Karibu wote walichagua jibu la juu kabisa, hata bibi mmoja aliyekuja kwa baiskeli. Tukamuuliza kulikoni. "Sasa niseme siwasumbui watu? Nitaonekanaje?" Nikamkumbuka shangazi yangu, ambaye haingii kwa mtu bila kuomba radhi kwa usumbufu. Swali lilikuwa linapima adabu, goti halimo.

La kuoga nalo lilikuwa na yake. Beseni la Kijapani lina kina, unavuka ukingo na kuzama hadi mabegani. Anayejimwagia maji tu hakujua ajibu nini. Na hapakuwa na swali hata moja la seiza, ule mkao wa kupiga magoti sakafuni, ambao wazee waliutaja kabla hatujawauliza.

Hatukuwa wa kwanza kukutana na haya. Toleo la Kijapani la SF-36, hojaji maarufu ya afya kwa jumla, kwenye swali la shughuli za wastani liliacha boling na gofu, likaweka usafi wa nyumba na bustani na matembezi ya saa 1 hadi 2. Maili nayo ikawa kilomita.

Swali la mtu hulibadilishi kimyakimya, kwa hiyo tuliwaandikia wenye hojaji. Wakakubali tuulize ni mara ngapi mgonjwa alihitaji kusaidiwa, badala ya "meiwaku". Seiza wakaikataa, maana alama zisingelinganishika tena na za nchi nyingine. Niliudhika, ila hoja yao ilikuwa na uzito. Tukaiweka kwenye karatasi ya pembeni isiyohesabiwa.

Hesabu zenyewe hazikutusumbua sana. Alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi maswali ya hojaji yanavyokwenda pamoja, ilivuka 0.70, kiwango ambacho watafiti wengi hukikubali. Kasheshe ilikuwa kurudia hojaji baada ya wiki 2, kuona kama majibu yanatulia: katikati yake ukaingia msimu wa mvua wa Juni. Bahati nzuri tulikuwa tumeongeza swali la kama hali ya goti imebadilika, na kwenye hesabu hiyo tukabaki na waliosema iko vilevile. Bibi wa baiskeli hakuwamo. Pembeni ya karatasi yake alikuwa ameandika kwamba goti limeshaisikia mvua.