Siku nilipomwambia mzungu kuwa pombe nimepumzika tu

Ilikuwa 2011, Arusha, leseni nimeipata juzi tu, nikasikia kuna kampuni ya safari inatafuta dereva wa kupeleka wageni Tarangire na Ngorongoro. Bosi alikuwa mama mmoja wa Kiingereza. Nikaazima shati la kaka, nikaenda.

Sasa mjue kiingereza changu mimi kilitoka shule ya msingi, ticha alituandikia ubaoni "ninakula: I am eating" na sisi tukakariri kwamba ukisikia "na" basi weka am na ing, hakuna mjadala. Ninaishi, I am living. Ninajua, I am knowing. Nimefika form four na hiyo formula hiyohiyo.

Mama akauliza, where do you live? I am living in Sakina, madam. Akauliza kwa muda gani, nikamwambia nimezaliwa pale, akakunja uso kidogo maana kwake nilishasema kama mtu aliyejishikiza kwa wiki mbili hivi. Likaja swali lenyewe: Do you drink?

Jamani mi nimekulia nyumba ya walokole, hata harufu ya bia sijaizoea! Nikajibu kwa kujiamini, No madam, I am not drinking. Akatabasamu, akasema naona, mikono yako mitupu, but do you drink? Nikaona huyu haniamini, nikakaza: I am not drinking! Akaandika kitu kwenye karatasi, akasema tutakupigia. Hiyo tutakupigia wote tunaijua.

Nje dada wa mapokezi alikuwa amesikia kila kitu, anacheka mpaka machozi. "Kaka, si umemwambia mama pombe umepumzika tu, saa hizi ndo hunywi!" Nikamwambia dada mi sinywi kabisa. Akasema hapo ndo shida, kwetu ukisema "sinywi" imetosha, ya leo na ya maisha yote, kwao wamezitenganisha. Akanipa njia yake: neno likikubali "huwa", au kile kitu unachofanyaga siku zote, toa ing, sema I don't drink. Likikubali "saa hizi", weka ing. Dakika mbili tu, nikaelewa kitu ambacho miaka kumi na moja ya shule haikunielewesha (na ticha wala simlaumu, na yeye alifundishwa hivyohivyo).

Akaingia ndani kuongea na mama, nikaitwa tena. Nikasimama wima: Madam, I don't drink. I live in Sakina. I drive very well. Mama akacheka kwa sauti, akafunga faili, akaniuliza, what are you doing on Monday?

Hapo nikachanganyikiwa kabisa. Kuna ing, kwa hiyo ni saa hizi, lakini leo ni Ijumaa na anauliza Jumatatu, nikaona basi lazima ni mtego, anataka kujua huwa nafanya nini. Nikakumbuka "huwa", nikatoa ing kwa uangalifu mkubwa: On Monday I wash clothes, madam.

Kimya. Halafu sauti ya dada kutoka mapokezi: "We kaka, nguo utafua Jumapili, Jumatatu unaanza kazi!"