Siku yangu moja: usiku wa kukaribisha wageni wa mkutano pale Ngome Kongwe

Mie naandaa shughuli hapa Unguja mjini. Wiki hii kuna mkutano wa watu wa mahoteli na utalii, wageni wa bara, Kenya, Wazungu pia, na usiku wa kuwakaribisha nimepewa mie.

Saa kumi na mbili asubuhi niko Malindi ya hapa mjini natafuta pweza, maana pweza apondwe, achemshwe mpaka alainike, ukichelewa jioni unawapa watu mpira. Saa mbili sokoni Darajani: iliki, mdalasini, karafuu za Pemba za kumwaga mezani wageni wazishike na kuzinusa. Asumini sijachukua, yanachumwa alasiri yakiwa bado matumba ndo usiku yafunguke, mama wa vikuba, vile vishada vya asumini, ashanambia nisimsumbue kabla ya saa kumi na moja.

Saa nne kikao, na hapa ndo palikuwa na kazi. Kijana wa kampuni inayolipa anataka taarab dakika kumi, watu wapige picha, halafu dijei mpaka mwisho. Nikamwambia mwanangu, wimbo mmoja wa taarab asilia, kanuni, ile ala ya nyuzi, na fidla zikianza peke yake, halafu ubeti, kiitikio, ubeti tena, dakika kumi zishakwisha na mwimbaji hajamaliza. Mji huu una kundi la taarab la Nadi Ikhwan Safaa tangu 1905, mji wa mwimbaji Siti binti Saad, leo wageni wametoka mbali tuwaonjeshe dakika kumi? Tukabishana sana, mwisho akakubali saa nzima, dijei baadae. Nilifurahi mno.

Saa saba nikapita kwa bibi anayetupikia urojo. Embe mbichi, ndimu, manjano, kachori, bajia, chipsi za muhogo, kila kitu bakuli lake, na anataka amimine mwenyewe, si wahudumu wazungushe na trei. Yuko sawa kabisa! Mtu akisimama foleni akaulizwa pilipili kiasi gani, anamgeukia wa nyuma yake anamuuliza weye unatia ngapi, na watu wanaanza kujuana hapo hapo bila ya beji.

Saa kumi Ngome, mikeka, spika, kanga tumezitundika ukutani, kubwa ya mlangoni imeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Magharibi ikaingia, maiki haiguswi mpaka watu waswali, nilishaiandika kwenye programu kabisa.

Saa moja wageni wakaanza kuingia. Mlangoni dada mmoja na chetezo cha udi, mwengine na mrashi anawarashia marashi ya mawaridi mikononi, kina mama wanapewa vikuba, na sura za watu zinabadilika pale pale, mtu kaingia na simu sikioni anaikata. Emsii akawaeleza ngome yenyewe, kwamba Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwatoa Wareno, ikawa jela, ikaja kutumika wakati wa kujenga reli ya Bububu. Kwa ufupi tu, watu wana njaa.

Isha tukanyamaza tena, halafu taarab. Wimbo wa pili mama mmoja wa hapa hapa akanyanyuka na noti yake, taratibu, akicheza mabega, akaenda kumtunza mwimbaji. Wageni wakatazama, wakauliza, wa Mombasa wakawaeleza wenzao, kufika wimbo wa nne foleni ya kutunza ipo mpaka kwenye ngazi za ukumbi na yule kijana wa dakika kumi yumo. Ile saa ikapita, hakuna aliyemuulizia dijei, yeye mwenyewe kakaa mkekani na kikombe cha kahawa na halua.

Saa tano tukafunga. Nalipa watu wangu usiku ule ule, mkononi, naanza na bibi wa urojo kisha wapiga ala. Kijana kanifata ananiuliza kama kundi linaweza kuja tena usiku wa kufunga mkutano. Wanaweza, lakini saa moja na nusu safari hii, nshamwambia.