Isale kwenye kaburi la bibi

Huu ni mwaka wa sita tangu niache kwenda kanisani. Sikugombana na mtu. Siku moja niligundua midomo yangu inaimba huku moyo uko kwingine, na sikutaka kumdanganya Mungu.

Ila kila Desemba napanda basi la alfajiri kutoka Dar es Salaam kurudi nyumbani Marangu, na jambo la kwanza kesho yake asubuhi, kabla hata ya chai, ni kwenda kihambani, kwenye shamba la ukoo, alikolala bibi. Kaburi lake liko kati ya migomba na mibuni ya zamani, limezungushiwa masale, mimea yenye majani marefu. Kwetu Wachagga isale si mmea wa uzio tu. Ndilo linaloonyesha mpaka wa kihamba, na ndilo unalompelekea uliyemkosea: ukifika nalo mkononi, ni vigumu sana akunyime msamaha.

Mwaka jana nilichuma jani moja. Ni refu, kijani kibichi, na asubuhi ile lilikuwa bado na umande uliojikusanya kwenye mkunjo wa katikati. Nikalifunga fundo, nikaliweka juu ya udongo. Nilikuwa namwomba radhi bibi kwa sababu alipougua sikuja. Nilisema kazi zimenibana.

Sikusikia sauti yoyote. Mfereji ulikuwa unatiririka chini ya migomba, na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa imefunguka, nyeupe. Nilivua viatu bila kufikiri. Baba mdogo akanikuta hapo, naye akavua vyake, akasimama kando yangu. Hatukusemezana mpaka tulipoitwa chai.